Ng'ombe wa Ukutani

Nilirudi Soitsambu kutoka semina ya Karatu nikiwa mtaalamu kamili. Kwa siku tatu tulikunywa chai, tukala sambusa, tukaambiwa kwamba mwalimu asiyetumia projekta anadumaza akili za watoto. Nani anataka dhambi hiyo?

Somo langu la kwanza lilikuwa sayansi, darasa la nne: mwili wa ng'ombe. Niliwasha projekta kwa umeme wa sola, lakini ukutani hakukuonekana kitu. Mwanga ulikuwa mwingi mno, na madirisha yetu hayana mapazia. Basi nikawaamuru watoto wavue mashuka mekundu waliyojifunika juu ya sare, tukayaning'iniza madirishani. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unakata masikio. Watoto wa wafugaji wakakaa gizani wakitetemeka, wakimtazama ng'ombe wa Ulaya mwenye madoa, nami nikiwaonyesha kwa fimbo kiwele kiko wapi. Nawaonyesha wao, waliokamua kabla ya kuja shule!

Mara kengele zikasikika nje. Kundi zima lilikuwa linapita kando ya darasa kwenda malishoni. Msichana mmoja wa dawati la mbele, meno yakimgongana, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tunaweza kutoa shuka moja tu, tuwaangalie hawa wa nje?"

Nikamwambia asivuruge somo.

Jioni nilijaza fomu ya semina. Palipoulizwa teknolojia imewasaidiaje wanafunzi, niliandika: "Wote wamefanikiwa kumwona ng'ombe."