Herufi Moja kwenye Ubao wa Mama

Kila nipitapo penye harufu ya rangi ya mafuta, mkono wangu wa kulia hutafuta kitu cha kukwangulia. Ngoja niwaeleze.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na miaka kumi, na mama alikuwa na kihoteli cha chai na chapati pale Rwezamenyo, mtaa wa Kigali. Shangazi Mwajuma, aliyekulia Kigoma, alinifundisha kuandika Kiswahili kila alasiri. Sisi wa Kigali R na L kwetu zilikuwa pacha, ulimi ulimwita yeyote aliye karibu. Shangazi hakuvumilia. Alinipa penseli nisahihishe: kura hupigwa, kula ni kwa mdomo, mahari hutolewa, mahali hukaliwa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema, nami, niliyekwisha kujiona profesa, nikaanza kusaka nyufa mtaa mzima.

Siku moja Mzee Sadi, mchora mabango, akamaliza ubao mpya wa mama. Herufi nyekundu, zimenona kama maandazi: KARIBUNI KURA CHAPATI. Mabenchi yalikuwa yamejaa wateja.

"Umekosea, mzee," nikasema kwa sauti. "Unawaita watu waje wazipigie kura chapati!"

Wateja wakacheka. Mzee Sadi alinitazama, akamtazama mama, kisha akainama kufuta brashi yake.

"Weye Zuhura, omba mzee musamaha," mama akasema.

"Siombi. Ni kosa."

"Kosa gani? Iko sawa! Kura ni kura."

"Kula, mama."

"Si ndiyo nimesema? Kura!"

Wateja wakacheka tena, safari hii zaidi. Nikapewa masufuria yote niyasugue, na chapati nisionje mpaka niombe msamaha. Nikasugua mpaka vidole vikakunjamana. Sikuomba.

Asubuhi yake nikapanda kigoda na kipande cha kioo, nikaikwangua ile R ya KURA mpaka ukabaki mti wake tu, nikauchorea mguu kwa mkaa, ikawa L. Mama akanikuta hukohuko juu. Hakunipiga. Aliutazama ubao, akaingia ndani kukanda unga. Baadaye Mzee Sadi akaja, akachovya brashi, akapitisha rangi nyekundu juu ya mkaa wangu, akaenda zake.

Nilikuwa nimeshaolewa shangazi aliponiambia kwamba mama hakujua kusoma. Mama ndiye aliyemtajia Mzee Sadi maneno yale kwa mdomo wake, na mzee akaandika alichosikia. Mzee angeweza kusema mbele ya wote, "Mama Zuhura, si wewe uliyeniambia hivyo?" Alinyamaza, akabeba kosa lisilo lake, ili wateja wamcheke yeye, wasimcheke mama. Mimi, na penseli yangu yote, nikawafanya wamcheke mama.

Herufi ile siijutii. Hata leo ningeikwangua. Ila ningengoja kwanza wateja wamalize chai yao, waondoke.