Punje za Mahindi za Mama Agripina

Nilipofika Misigiri kwa mafunzo ya vitendo, afisa ustawi wa jamii alikuwa Mama Agripina, Mnyiramba mnene aliyevua viatu kila alipozungumza na mtoto. Sasa amestaafu. Ofisi ina gari, na fungu la serikali la kuchunguza asili ya watoto wanaoingia nchini peke yao huja kwa wakati. Hata hivyo, namkumbuka sana.

Mwaka ule fungu halikuja. Dorika, msichana wa miaka tisa kutoka Fizi, Kongo, alishushwa na lori barabarani akiwa hana ndugu. Siku ya nne akaja Yohana, mchimbaji wa dhahabu wa Sekenke, akasema ni mjomba wake aliyeondoka kwao kabla mtoto hajazaliwa. Hatukuwa na nauli ya kwenda kuuliza kwao, na simu huko hazikupatikana. Mkuu wetu akaamua kwamba Ijumaa mtoto apelekwe kambi ya wakimbizi Kigoma. Mjomba wa mdomoni hatoshi.

Mama Agripina hakubishana. Alimpa Dorika kopo la punje za mahindi, akamwomba ajenge kwao pale sakafuni. Mtoto akapanga nyumba, jiko na michikichi mitatu. Nyuma ya jiko akaweka punje moja, akasema ni kaburi la bibi. Mama akachora yote kwenye karatasi, kisha akazizoa punje.

Mchana, Dorika akiwa nje, Yohana alipewa kopo lilelile. Nyumba, jiko, michikichi mitatu. Kisha, nyuma ya jiko, punje moja.

"Hiyo ni nini, baba?" Mama Agripina aliuliza.

"Mama yangu," alisema akitabasamu. "Anakaa hapo kuchambua maharage. Ukimhamisha, siku hiyo hamli."

Mama akaniangalia, nikainamisha kichwa. Alimwita Dorika, akamkalisha kando ya Yohana. Mtoto aliitazama punje ile.

"Mjomba, bibi tulimzika hapo hapo. Alisema hataki kwingine."

Yohana hakulia. Aliuliza lini, akajibiwa, akauliza tena swali lilelile. Dorika akamshika mkono.

Mama Agripina aliandika taarifa ya mistari mitatu kwamba mtoto akabidhiwe mjomba wake. Penye gharama za uchunguzi akaandika: hakuna. Alimwambia mkuu kwamba likitokea kosa, ni lake peke yake. Mkuu alinung'unika, kisha akagonga muhuri.

Ijumaa, gari la kambini lilipofika, Dorika alikuwa Sekenke, akimsimulia mjomba wake msiba ule tangu mwanzo.