Mkanda wa Kifaru

Ernesti wa Masuguru ndiye mpiga picha pekee Korogwe anayejua kupiga mkanda usio na rangi. Kama humwamini muulize mwenyewe, atakueleza mpaka ugali upoe. Ila kitu kimoja kilimtia kinyaa kuliko panya aliyefia darini: mkanda wa bei poa, boksi jembamba limechorwa kichwa cha kifaru. Dukani kwa Dilip aliushika kwa ncha za vidole kama anayebeba nepi.

"Dilip, bwana, huu ni mkanda au utumbo wa kuku?"

"Mzee Ernesti, orijino imebaki moja tu. Beba na huo, usije ukaadhirika Misima."

Huko Misima, Handeni, Bibi Evodia alitaka picha isiyo na rangi, aitundike kando ya ile ya marehemu mumewe kabla macho yake hayajazimika kabisa. Za simu alizikataa. Zilimng'arisha uso kama yai.

Ernesti akaanza na orijino, huku akiisifia. Bibi akakaa kwenye kigoda, kanuna kama shahidi mahakamani. Cheka basi, bibi. Wapi! Mkanda ukaisha, bibi kanuna vilevile. Ernesti akatema mate pembeni, akapakia Kifaru.

"Haya, tuone picha," bibi akasema.

"Bado, bibi. Mpaka nikakusafishe Korogwe."

"Unisafishe?" Bibi akainuka nusu. "Weye! Nimeoga, nimejipaka mafuta, nimevaa kitenge kipya, halafu mwanaume mzima unipeleke Korogwe ukanisafishe?"

Mwanawe Benedicto akaanguka kwa kicheko. Bibi alipoelewa kwamba kinachosafishwa ni mkanda, naye akacheka mpaka mapengo yote yakachungulia nje. Ernesti akabonyeza. Kidole kilikubali, roho ilikataa.

Nyumbani akaisafisha mikanda yote miwili, akachapa na picha. Kwenye orijino, bibi mkali. Kwenye Kifaru, kila kunyanzi mahali pake, weusi mweusi, weupe mweupe. Ernesti akatafuta kasoro mpaka macho yakamtoka machozi. Mkewe Upendo, aliyekuwa akiianua mikanda, akauliza, "Baba Gerald, mbona maandishi ya pembeni yanafanana?"

Kweli. Ukingoni mwa Kifaru kulikuwa na jina la kampuni kubwa, lilelile la kwenye orijino. Walibadili boksi, wakasahau kubadili mkanda.

Kichefuchefu kikampanda Ernesti kama aliyekuta unywele kwenye mlenda akiwa ameshamaliza bakuli. "Washenzi! Kumbe miaka yote hii nanunua makaratasi ya boksi!"

Alitamani ampelekee bibi picha ile ya kununa tu. Akapeleka zote. Bibi akaiweka chini ile ya kununa, akaishika ya kicheko karibu kabisa na jicho, akaishika muda mrefu. Benedicto akaigongomea ukutani, kando ya marehemu, akauliza:

"Mzee Ernesti, hii ndiyo ile orijino uliyokuwa ukitusifia?"

"Hiyohiyo," Ernesti akajibu, amekunja pua.