Bakr wa Amu, Zimamoto Asiyetambuliwa na Sheria

Saa mbili asubuhi, Bakr Famau anafunga pampu ya maji mgongoni mwa punda wakati mgeni anapotokea kichochoroni mwa Amu, mji wa Lamu, viatu vimejaa mchanga, akiuliza gari la zimamoto liko wapi.

"Ndilo hili, bwana," anajibu Bakr, akimpapasa punda. "Ukilipigia honi litakupiga teke."

Mgeni ni Kariuki, mwanasheria kijana anayekusanya maoni kuhusu rasimu ya sheria. Anacheka, kisha anamsomea: kikosi cha zimamoto ni kile chenye gari; zimamoto ni mwajiriwa wa kikosi hicho. Bakr ni fundi wa milango, anazima moto kwa kujitolea pamoja na wenzake wa mtaa. Kwa maneno hayo, hana kikosi, wala si zimamoto.

"Ndia za Amu hazipiti gari," anasema Bakr taratibu, akionyesha njia nyembamba ya kichochoro. "Basi tuungue?"

Mwaka jana makuti yaliyowaka yalimwangukia mkononi, akakaa miezi bila kushika patasi. Mwajiriwa angelipwa fidia. Yeye alitibiwa kwa michango ya majirani. Mkewe, Asmaa, haipendi kabisa rasimu hiyo.

"Sheria haimjui," anasema, akichagua mchele, "lakini moshi wa nguo zake naufua mimi."

Kariuki anamwomba avuke kwa boti hadi Mokowe, bara, Jumamosi, akauonyeshe mkono ule mbele ya jopo linalopokea maoni ya wananchi. Ndicho kikao cha mwisho. Bakr anakubali kwa furaha, kisha anakumbuka: Jumamosi ni harusi ya Razan, mjukuu wa jirani yake Bi Nana. Pilau itapikwa kwa kuni uani, chini ya makuti, naye amemwahidi bibi huyo kusimama na pampu, kama wafanyavyo kwa kila harusi ya mtaa. Mwenzake pekee anayeijua pampu hiyo, Abdulwahid, yuko safarini Kiunga, mbali kaskazini.

Jumamosi, boti ya Mokowe inapoondoka, Bakr yuko juu ya ngazi, analowesha makuti. Bi Nana amemsihi aende, Mungu atawalinda.

"Atatulinda, Bi," anamjibu. "Na mimi nipo."

Kariuki amepelekewa ujumbe kwa simu kwamba Bakr hatafika. Bakr anatumaini jopo litaongeza kwenye rasimu maneno machache tu: "na anayejitolea".

Kuni zinapasuka. Cheche inaruka, inatua kwenye makuti yaliyolowa, inafuka kidogo, inazimika. Chini, vigelegele havikatiki. Bakr anaomba ndoo nyingine.