Legeza Nyuma Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokata nyuzi za blanketi la dada yangu kwa nguvu zangu mwenyewe. Jana nilipokuona umeng'ang'ania mpini wa kitanda cha kufumia huku umeuma meno, nilicheka hadi ukaninunia. Sikukucheka wewe. Nilijiona mimi.

Nilikuwa kijana wa Mogitu, nguvu nyingi, usikivu kidogo. Mama Bura alinifundisha kufuma mablanketi ya sufu katika chumba cha nyuma ya kanisa. Dada yangu Paulina alikuwa anaolewa Balangdalalu, nami nilishaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga, atajifunika blanketi nililofuma mimi. Zilibaki siku tatu na sikuwa nimefika hata nusu.

Unajua kazi yetu. Ukishafuma kipande, unalegeza breki ya gogo la nyuma, nyuzi zinapumua, ndipo unakunja kitambaa kwenye gogo la mbele na kukaza tena. Ni dakika moja tu, lakini mimi niliiona dakika ya wavivu. Nikaacha breki imefungwa, nikavuta mpini wa mbele kwa mwili wote. Nyuzi za ukingoni zikakatika, ta, ta, ta. Niliogopa kweli.

Mama Bura akaingia.

"Shikamoo mama," nikasema, kama mtu asiye na kosa.

"Marahaba. Ng'ombe gani amepita hapa?"

Nikakiri, nikingoja kufukuzwa. Yeye akavuta kigoda, akaunga uzi wa kwanza, wa pili akaniachia.

"Nguvu unazo," akasema. "Ila nyuma hujafungua, mbele unavuta. Hata ndama hatoki zizini hivyo."

Tuliunga kutwa nzima. Blanketi lilikamilika asubuhi ya sendofu, ukingo umejaa mafundo. Paulina aliyapapasa, akacheka, akajifunika hivyo hivyo. Mpaka leo nikimtembelea hulitandika kwenye kiti changu, mafundo juu, niyakalie.

Basi mwanangu, kazi ikigoma kusogea, usikimbilie kuongeza nguvu. Angalia kwanza nyuma umefunga nini. Legeza, sogea, halafu kaza. Na ukikata, sema mapema, wakati nyuzi bado zinaungika.

Mungu akujalie mikono yenye subira na nyumba isiyopungukiwa blanketi kwa baridi yetu hii. Akupe na dada wa kukukalisha juu ya makosa yako huku anakumiminia chai.