Fundi Viatu Aliyekata Kamba ya Utawa

Mwaka ni elfu mbili na ishirini na mbili, majira ya baridi, na Bruda Kiraka amekasirika.

Ni asubuhi. Ameketi kwenye kigoda chini ya ngazi za nyumba ya ndugu Wafransisko, kiatu cha kike kikiwa kimebanwa katikati ya magoti yake, misumari midogo ikichungulia kati ya midomo. Anautoa mmoja, anaugongomea, anautoa mwingine. Kila pigo linatua kana kwamba soli hiyo ndiyo iliyomkosea. Kanzu yake ya kahawia inamning'inia kama pazia, kwa maana kiunoni hana kamba nyeupe wanayojifunga ndugu hao.

"Usiniulize habari za kamba yangu," anasema misumari inapomwisha mdomoni. "Uliza kwanza kwa nini mwanamke aliyevuka mipaka miwili kwa miguu yake ametolewa kizuizini jana bila kamba za viatu. Uliza hilo, kisha uliandike kwa herufi kubwa."

Ana umri wa miaka sitini na mmoja, na mikono yake inanuka gundi hata siku ya Jumapili. Ushonaji wa viatu alirithi kwa baba yake kabla hajavaa kanzu ya utawa. Jina la Kiraka alipewa na wageni, naye hakulikataa.

"Watu huniita padre. Mimi si padre," anasema. "Sikusomea misa, nilisomea soli."

Nyumbani humo wanaishi ndugu wanne, pamoja na wahamiaji kumi na wanane wanaolala katika chumba kilichokuwa maktaba. Vitabu vimepandishwa darini, magodoro yametandikwa mahali pake. Meza ya chakula ni moja. Aliyehudumiwa leo atahudumu kesho, na mkuu wa nyumba, ambaye wenzake humwita Mlezi, husugua masufuria kila Ijumaa, apende asipende.

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," anasema Mpishi, ndugu mnene asiyevua aproni. "Sisi jembe hatuna. Tunampa sufuria na kipande cha stiliwaya ya kusugulia, tunamwambia, haya ndugu, karibu shambani."

Anayecheka kuliko wote ni mgeni anayeitwa Mpagazi, kwa kuwa huko alikotoka alikuwa akibeba mizigo sokoni. Ni kwa ajili yake Bruda Kiraka anatembea bila kamba.

Chanzo cha yote ni kituo cha kuwazuilia wahamiaji kilichopo ng'ambo ya reli. Anayeingia humo huvuliwa kamba za viatu, asije akajidhuru. Hilo Bruda analielewa. Asilolielewa ni kwamba siku ya kutoka mtu harudishiwi kamba zake.

"Anatoka akiburuta miguu kama mtoro," anasema, nyundo ikiwa hewani. "Akifika barabara kuu, askari anamsimamisha. Kwa nini? Kwa sababu anatembea kama mtoro! Basi mzee mzima unajiuliza, hawa watu wana akili timamu au wanatufanyia mzaha?"

Mpagazi alitoka huko akiwa na amri ya kuripoti ofisi ya uhamiaji Jumatatu iliyofuata. Mkewe alibaki ndani. Kama mume angefika dirishani na kugongewa muhuri, mke angeachiliwa. Kama angekosa, wote wawili wangerudishwa walikokimbia, ambako nyumba yao ilikwisha kuteketezwa.

Soli za viatu vyake zilikuwa zimelika hata kidole kikaona njia. Bruda alizibandua, akakata nyingine katika tairi kuukuu, akazishona kwa uzi uliotiwa nta. Kazi ilikuwa safi. Lakini kopo la kamba anazowagawia wanaotoka kizuizini lilikuwa tupu, kwa kuwa wiki hiyo walitoka watu wengi. Akachukua uzi wa gunia, akaupaka nta vizuri, akamfungia.

"Nilijiona mjanja," anakiri kwa uchungu. "Nta ndiyo iliyoniponza. Uzi wa gunia ukiupaka nta unakakamaa, na kwenye baridi unakuwa kama kijiti. Baba yangu angenichapa."

Uzi ulikatika kwenye vidato vya ofisi ya uhamiaji, Mpagazi akiwa mlangoni, Bruda akiwa kando yake. Kiatu kilichomoka, kikajiviringisha hadi miguuni pa mlinzi. Mlinzi alikitazama, akaonyesha kibao ukutani: asiyevaa kwa heshima haingii.

"Arudi akiwa na viatu vinavyofungwa."

"Kamba zake mlizichukua nyinyi," Bruda alimwambia.

"Si sisi, ni wale wa kizuizini. Ile idara nyingine."

"Idara nyingine! Mkono mmoja unamvua mtu nguo, mkono wa pili unamwuliza mbona yu uchi! Mwili si mmoja?"

"Baba padre, usinipigie kelele. Mimi nimewekwa hapa kulinda mlango."

"Mimi si padre. Padre angekuombea."

Watu wa foleni waliangua kicheko, lakini Mpagazi hakucheka. Alikwisha kuketi kwenye kidato, soksi imelowa, akiangalia ule mlango kama mtu anayeangalia basi likiondoka na mkewe ndani yake.

Hapo ndipo Bruda Kiraka alipotoa kisu cha kukatia ngozi. Mlinzi alirudi nyuma hatua moja. Bruda alishika mkia wa kamba yake nyeupe, ule unaoning'inia ubavuni ukiwa na mafundo matatu, yaani nadhiri za umaskini, useja na utii, akaukata. Aliyafumua mafundo kwa meno, akazitenga nyuzi, akazisokota upya juu ya paja, kisha akapiga magoti kwenye lami yenye maji na kumfunga mwenzake viatu, cha kulia na cha kushoto.

"Nitailipa, Bruda," Mpagazi alimwambia.

"Ingia kwanza. Muhuri haungoji."

Aliingia, na muhuri aliupata.

Kipande cha kamba kilichosalia hakikutosha tena kuzunguka kiuno cha mtu anayekula mapishi ya Mpishi. Jioni ile mezani, Mlezi aliweka kijiko chini.

"Ndugu yangu, umekata nadhiri zote tatu kwa mpigo mmoja. Kamba ile ilibarikiwa."

"Na miguu ya mtu, Mlezi, haikubarikiwa?"

"Sikusema hivyo. Majirani wanatafuta sababu ya kutufungia nyumba, nawe unachomoa kisu mbele ya mlango wa serikali!"

"Niache wafukuze ndugu yangu kwa ajili ya kamba ya kiatu?"

Babu, ndugu mkongwe kuliko wote, alikuwa akipuliza mchuzi wake polepole. "Huo utii hakuwa nao tangu zamani," alisema. "Umaskini tunao tele. Na useja, kwa hasira kama hizo, nani atamtaka?"

Hata Mlezi alificha tabasamu nyuma ya kikombe. Lakini hakutoa kamba nyingine stoo. Alisema kamba ya utawa haigawiwi kama kitambaa cha jikoni, na Bruda, aliyeona si haki, hakuomba.

Sasa ana mpango. Siku za kuachiliwa watu atabeba kigoda, nyundo na kopo la kamba, na kuketi mbele ya lango la kituo kile, mahali ambapo kila ofisa anayeingia na gari lake atamwona.

"Watanifukuza, nitarudi. Na wajue siendi kuwahurumia wageni. Nakwenda kuwaaibisha wenyeji."

Msumari wa mwisho umeingia. Anapitisha kidole ndani ya kiatu kutafuta ncha ya msumari, haioni. Mwenye kiatu anashuka ngazi peku, Mpagazi akimfuata na mikono yenye povu. Kwa kuwa Mpagazi ni ndugu wa nyumba hii, mkewe huyu amekwisha kuwa shemeji wa wote tangu jana.

"Shemeji Kiraka," anasema, "nasikia mume wangu alikuvua mshipi barabarani."

"Nilijivua mwenyewe."

"Haya, simama."

Kutoka katika khanga yake anatoa kamba nene iliyosukwa, nyeusi, kahawia, nyekundu na nyeupe kwa pamoja, yenye mafundo matatu mwishoni. Ni kamba za viatu, alizozisuka usiku wa jana. Kizuizini alikuwa akifagia chumba cha walinzi, ambako zilijaa ndoo nzima.

"Nikamwuliza askari, taka hizi nikatupe? Akasema katupe." Anacheka. "Nimezitupa huku."

Mlezi, aliyekuwa akipita na kikapu cha mikate, amesimama. Anaitazama kamba, kisha anamtazama Bruda.

"Desturi yetu ni kamba nyeupe," anasema taratibu.

"Nyeupe zimo, Mlezi," Babu anaitikia kutoka dirishani. "Zitafute."

Mlezi anaweka kikapu chini. Anainua mkono, anaibariki kamba, halafu anaokota mikate yake na kwenda zake.

Bruda Kiraka anaishika huku na huku, anaivuta kwa nguvu zote za fundi, uso bado umekunjwa. Haikatiki. Anageuza mgongo, ananyanyua mikono, na Shemeji anampitishia kamba kiunoni.

"Mume wangu alikopa," anasema akikaza. "Tumelipa."