Mbege Aliyoionja Mama Felista

Msikilizaji wangu, sogea karibu nikueleze kwa nini nilipanda mlimani, huko Uru, peke yangu. Kuna watu walio tayari kutoa fedha ili ugonjwa wa Parkinson ufanyiwe utafiti huku kwetu, utambuliwe mapema na kutibiwa vizuri. Wanachotaka kwanza ni wagonjwa wenyewe wakubali kupimwa. Mimi nilipewa kazi ya kuwatafuta, na kila nilipobisha hodi nilijibiwa, "Huku hatuna mtu wa namna hiyo."

Asubuhi niliondoka Rau, kule chini karibu na mji, kwa bodaboda. Lami ilipoisha nikatembea kando ya mfereji katika manyunyu. Huko migomba huzificha nyumba. Unamsikia mtu akikohoa, na humwoni. Nilijiona mgeni katika mkoa niliozaliwa.

Mchana nilifika kwa Mama Felista, mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, aliyeacha kupika. Alikuwa ameketi mlangoni, mkono wa kulia ukimcheza juu ya paja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe umekuja kumtazama tapeli?"

Akanisimulia kwa sauti ndogo. Huku mpika hunywa wa kwanza mbele ya wateja, kuonyesha kwamba pombe ni salama. Siku moja alionja, akasema ni nzuri, akagawa. Kumbe ilikuwa imeharibika. Tangu hapo hakuna aliyekanyaga uani kwake.

"Wanasema nilijua. Mimi sikusikia harufu yoyote, mwanangu. Hata ndizi zikiungua jikoni sisikii."

Nikamweleza kwamba ugonjwa huu huharibu sehemu ya ubongo inayoendesha mwili, na kwa wengine pua hutangulia kuacha kunusa, miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. "Lakini daktari ndiye atakayesema kama ni huo."

"Dawa itanirudishia pua?"

"Hapana, mama. Zilizopo husaidia mikono na miguu. Ila tukipata fedha za kuichunguza hiyo pua, wenzako watatambuliwa mapema."

Akafikiri. "Sishuki mjini kwa daktari mpaka uwaambie wale waliokuwa wateja wangu."

Alasiri nikaenda kilabuni, nikawaeleza wanywaji jinsi ugonjwa unavyoweza kuua pua. Mzee mmoja akadakia, "Daktari wa pua! Hebu nusa hii yetu utuambie!" Wakaangua kicheko. Mama Oliva, aliyekuwa akigawa pombe, hakucheka.

"Kwa hiyo alionja kweli?"

"Alionja kweli."

Akarudi kugawa pombe. Hakuna aliyeinuka kwenda kwa Mama Felista.

Nilirudi nikamwambia yote, hata kile kicheko. Nikalala kwake. Asubuhi tulishuka taratibu, hatua zake zikiwa fupi fupi. Watu walitutazama kutoka nyuani mwao, na hakuna aliyetuita.

Daktari mjini alimpima, akathibitisha, akamwanzishia dawa. Mama Felista akakubali kuingia katika utafiti utakapoanza. Fedha bado hazijaja.

Nilichojifunza ni kwamba wagonjwa hawa wapo. Wamekaa ndani, wakiitwa walevi na waongo.

Wewe uliye na mzee nyumbani, menya ndizi mbivu leo, mwambie afumbe macho anuse. Asiposikia kitu, na kama mkono wake hucheza akiwa ametulia au mwendo wake umekuwa mzito, mpeleke hospitali, na uende naye.